Springi Zako Hazikuwa na Kosa

Manzese,
Jumapili, 8 Agosti 1993

Mpendwa Kaka Idrisa,

Shikamoo. Mwandiko ni wangu, Zuhura, lakini maneno ni ya Baba. Tumekaa ndani ya pikapu, yeye kwenye usukani na mimi upande wa abiria, vioo vimepandishwa ingawa jua ni kali, kwa sababu hataki Mama asikie kutoka barazani. Unajua macho yake yalivyoharibiwa na moto wa kuchomelea. Mistari ya daftari haioni tena. Ameniapisha kwa jina la Mungu kwamba nitaandika yote atakayosema, nisipunguze lililo chungu wala nisiongeze sukari. Nimeapa. Nikiwa na neno langu nitasema kuwa ni langu. Kuanzia hapa anayezungumza ni Baba.

Mwanangu Idrisa,

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Morogoro. Mama yako ana maneno yake ya safari: usile cha kupewa na mgeni, usitoe kichwa dirishani, ukifika tafuta msikiti kabla hujatafuta chumba. Utayasikia kwake jioni hii utakapokuja kumuaga. Mimi sina maneno ya safari. Ningekuwa baba wa namna hiyo usingekuwa unaondoka.

Nakuandikia kwa sababu ya kicheko. Alhamisi ulikwenda kwa Chande, yule mchomeleaji, kuchukua sanduku lako la spana. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wake wa mabati nachagua kipande cha bomba, hukuniona. Chande akakuuliza, "Sasa mdogo wangu, huko Morogoro kwa huyo tajiri wako utakuwa unafunga nini?"

"Injini tu," ukasema. "Springi sizigusi tena mpaka nazikwa."

"Afadhali, bwana! Maana hata watu wa Morogoro wana mama zao."

Wakacheka wote waliokuwapo. Hilo halikunishangaza, wamecheka hivyo tangu ile harusi. Kilichonitoa pale ni kwamba na wewe ulicheka. Ulicheka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake akaitika.

Basi sikiliza. Springi zako hazikuwa na kosa. Mkono uliomwangusha mama yako ni huu wangu. Nitakueleza toka mwanzo, maana ukilipata jibu bila njia yake utadhani nakuonea huruma, na mimi sijui kumwonea mtu huruma. Hilo unalijua kuliko wote.

Pikapu hii ina umri mkubwa kuliko wewe. Niliichukua kwenye shamba la mkonge lililokuwa linafungwa, ikiwa imelala juu ya matofali kama ilivyo leo. Miaka ile spea hazikuwapo. Bushi tulichonga kwa mpira wa tairi la lori, boliti tulizifua wenyewe. Aliyefanya gari litembee alikuwa mfalme, na hakuna aliyeuliza amefanyaje. Hapo ndipo nilipoharibika. Nilizoea kutoulizwa.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Magari ya mitumba yakashuka bandarini, soko la Gerezani likajaa shokapu zimepangwa kama mikungu ya ndizi, na watu wakaanza kuoa kwa kelele. Harusi isiyokuwa na matarumbeta nyuma ya pikapu ikawa msiba. Wala hawakutaka pikapu iliyosimama juu juu kama ya mkaa. Walitaka iliyoinama, inayotambaa na barabara, wapiga tarumbeta waonekane mpaka viatu, na yule wa kamera ya video apate picha nzuri.

Nikaishusha yangu kwa akili yangu. Mbele nikakata mzunguko wa springi kwa msumeno. Nyuma nikatoa mabamba, nikatia vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Ikisimama ilipendeza. Ikitembea, kila shimo lilipanda mpaka kwenye meno. Siku ya kwanza tu, mpiga tarumbeta mmoja alishuka kwa bwana harusi mdomo umepasuka. "Mzee," akaniambia huku anatema damu, "gari yako inapiga kuliko mie."

Wewe ulikuwa umetoka chuo cha ufundi. Ukasema, "Baba, niachie mie." Nikakuachia nikiwa na hakika utashindwa. Nilitaka ushindwe mbele ya watu, upate adabu. Andika hivyo hivyo, Zuhura.

Hukushindwa. Ulizunguka Gerezani mpaka ukapata springi fupi za gari jingine, nene kuliko zangu. Ukazitafutia shokapu zenye urefu unaolingana nazo. Ukabadilisha bushi zote, nyuma ukarudisha mabamba niliyoyatoa na kuyakunja upya kwa nyundo, baridi, bila moto, na juu ya ekseli ukafunga raba ili chuma kisigonge chuma. Ulipomaliza, gari lilikuwa bado chini, ila limepanda vidole viwili kuliko nilivyolizoesha. Tukapita nalo kwenye ule mtaro wa sokoni, mama yako amepakata sufuria la mchuzi. Halikumwagika tone. Akacheka peke yake. "Leo ndio nimepanda gari," akasema. "Siku zote nilikuwa napanda kinu."

Tangu niishi na mama yako sikuwahi kumchekesha hivyo. Nilikutazama unavyofuta mikono, nikakuchukia. Baba anaweza kumchukia mwanawe, usiamini wanaosema haiwezekani. Haichukui muda mrefu.

Ndipo Chande akaanza. "Mzee, dogo kakuweka pembeni. Sasa we kazi yako kumchemshia chai." Wateja nao wakija wananipita mlangoni kama nguzo: "Shikamoo mzee, Idrisa yupo?" Mmoja nilimjibu kuwa hayupo, hali miguu yako inaonekana chini ya gari lake mwenyewe. Wewe ulisikia. Hukutoka kunikanusha. Ulibaki chini kule mpaka akaondoka, unilindie heshima. Hilo nalo nilikuchukia kwalo.

(Ni mimi Zuhura. Baba ameshika usukani kwa mikono miwili kama anaendesha. Sasa anaendelea.)

Ikaja harusi ya binti wa dada yake mama yako. Mama yako akasema atapanda nyuma na matarumbeta, apige vigelegele mwenyewe, hataki kukaa ndani kama mgonjwa. Nasi tukasikia kuwa upande wa bwana harusi wanaleta pikapu kutoka Temeke, iliyoshushwa mpaka unashindwa kupitisha ngumi chini ya bodi. Nikakwambia mbele ya watu, "Ishushe."

"Baba, hapa ndio mwisho wake," ukasema. "Raba ikitoka na bendi nzima iko juu, chuma kitagonga chuma. Nisamehe, siwezi." Ulisema kwa adabu. Ungenitukana ingekuwa rahisi kwangu.

Ijumaa mkaenda kuswali. Mimi nikasema tumbo linaniuma. Mtaa mzima ulipoingia msikitini nikavuta mtungi wa gesi, nikatoa raba zako, nikalala chini ya pikapu, nikawasha moto, nikauelekeza kwenye springi zako za mbele.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, ulichukua springi kuukuu ukaichoma uone itakuwaje? Nilikuchapa kwa mkanda wa feni mpaka mama yako akaja kuniondoa. Nikakwambia, "Springi haichomwi! Ukiichoma umeiua, na aliyekaa juu yake umemuua." Ulikuwa unalia kwa kwikwi, nikakulazimisha uyarudie maneno hayo. Ukayarudia. Yale maneno niliyafikiria nikiwa chini ya pikapu, moto uko mkononi. Sitaki useme baba alisahau. Sikusahau.

Ikawa nyekundu. Ikaanza kushuka pole pole kama mzee anayekaa kitako. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Nikasikia imamu yuko mwisho, watu watatoka. Nikachukua ndoo ya maji nikamwaga ili zipoe upesi. Unajua maana yake. Chuma cha springi ukikichoma kikawa chekundu kisha ukakitia maji, kinakuwa chepesi kuvunjika kama kigae. Nikazipaka girisi nyeusi zisionyeshe rangi.

Uliporudi ulisimama, ukainamisha kichwa. "Baba, mbona kama imeshuka?"

"Imetulia," nikasema. "Springi mpya hutulia."

Ukaniamini. Kila unachokijua kuhusu chuma nilikufundisha mimi, ungeacha vipi kuniamini?

Siku ya harusi wewe uliendesha. Mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma na wajomba zako. Nikaona pikapu yangu na ile ya Temeke zinakwenda sambamba, na yangu ndiyo iliyokuwa chini zaidi, nikafurahi. Niliwaonyesha wajomba zako kwa kidole. Mama yako alikuwa upande wa kulia, amesimama, khanga ameinyanyua juu ya kichwa anaizungusha. Mlipofika kwenye kalavati springi ya kulia ikakatika. Ukaona gari limepiga goti. Mama yako alikwenda hewani na khanga yake, akaangukia ukingo wa zege kwa nyonga, na mpiga ngoma kubwa akamwangukia juu, na ngoma yake. Watu wa nyuma kabisa hawakuwa wamejua. Waliendelea kupiga vigelegele.

Mtu mmoja akauliza, "Nani alifunga springi hizi?"

Nilikuwa na muda wa kujibu. Mtu asije akakwambia maneno yalinitoka kwa kuchanganyikiwa. Nilimtazama Chande, naye alikuwa amekuja na msafara. Nikatazama wajomba zako. Nikakutazama wewe umepiga magoti, kichwa cha mama yako kiko mapajani mwako. Kisha nikasema, "Muulizeni fundi." Na nikakunyooshea kidole kile kile.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui nilikuwa nafanya nini wakati wewe unafanyiwa hayo. Wajomba zako walipokaa kikao wakakupigisha magoti ukutani tangu adhuhuri mpaka alasiri, mimi nilikaa nao mkekani nikanywa chai yao. Mmoja akasema, "Wenzako huwabeba mama zao mgongoni, wewe umemtupa wako barabarani." Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye uchungu. Ulipoomba uione springi iliyokatika, uangalie imekatikaje, nikakwambia watoto wa chuma chakavu wamekwisha ichukua. Niliitupa kwenye shimo la choo. Kila asubuhi tangu hapo nakwenda kuchuchumaa juu yake.

Tena kuna Idd. Kila Idd, wageni wamejaa, mama yako anaita kutoka kwenye mkeka wake: "Idrisa, njoo baba. Nimekusamehe duniani na akhera, watu wote wawe mashahidi." Nawe unainama unambusu mkono. Wageni wanafuta machozi. Mimi napitisha sinia la pilau.

(Ni mimi Zuhura. Hapa niliweka kalamu chini. Nilimwambia Baba siwezi. Akasema, "Uliapa." Nikasema, "Baba, hata mie nilimcheka. Shuleni nilisimulia kuwa kaka yangu ndiye aliyemlemaza mama yetu, na nilikataa kula naye sahani moja mwezi mzima." Akanitazama. Nilidhani atasema neno la kunituliza. Akasema, "Basi andika na hilo, ajue tulikuwa wengi." Nimeliandika. Kaka, nisamehe. Nitaliandika vizuri zaidi siku nyingine, leo si barua yangu.)

Usidhani nakwambia haya kwa kuwa nimekuwa mwema. Ningekuwa mwema ningekwenda nikasimama kwa Chande nikayasema hadharani. Siwezi. Nimejaribu. Nilifika mpaka mlangoni pake, akaniambia, "Karibu mzee, pole na mgonjwa," nikaomba kiberiti nikarudi. Woga wa aina hiyo hauponi kwa umri. Unaota mizizi tu.

Nakwambia kwa sababu unakwenda mahali ambapo hakuna anayekujua, na badala ya kupumua unataka kwenda kuwa yule mtu niliyemtengeneza mimi. Nimekunyang'anya jina, nimekunyang'anya kicheko cha mama yako. Mkono wako sikukusudia kuuchukua, na sitaki nife nikiwa nao. Yule tajiri wako ana malori yanayoshuka milimani na mizigo. Yatakuja yamekatika springi. Utasema hushiki, atapewa mtu kama mimi, na juu ya mzigo watakuwa wamekaa watu.

Kwa hiyo shika. Ukiona springi ina rangi ya shingo ya njiwa chini ya girisi, imechomwa hiyo, itoe, hata mwenye gari akilia. Na siku ukipata kijana wa kumfundisha, akakuzidi, kitakupanda kitu hapa kifuani. Kitakupanda, wewe ni damu yangu. Kikikupanda, toka nje ya gereji. Nenda popote. Usikae na kifaa mkononi.

Mama yako asijue. Si kwa ajili ya heshima yangu, heshima gani. Ni kwamba mimi ndiye ninayemwinua kwenda bafuni, ninayemgeuza, ninayemkanda ile nyonga. Hakubali mwingine. Akijua, nani atamshika? Atabaki amelala akinisubiri huku ananichukia, na mwili wake hauna pa kwenda. Barua hii ukiisha kuisoma ichome.

Sikuombi msamaha. Umekwisha samehewa vya kutosha katika nyumba hii, najua ladha yake ilivyo.

Ni mimi baba yako.

Kaka, sasa ni Zuhura peke yangu. Baba ameshuka kwenda kutawadha. Ameniagiza nikupe barua hii kesho dirishani, basi likiwa limeshawasha injini, usiweze kurudi.

Kabla ya kuandika haya nimefanya jambo. Nimefunua turubai linaloziba ubavu wa pikapu, nikaingia chini yake na gauni langu hili hili. Springi ya kushoto bado ipo. Baba alitupa ile iliyokatika tu. Nilichukua bikari kwenye mkebe wangu wa hesabu nikakwangua girisi kwa ncha yake. Ilikuwa ngumu, imeganda na vumbi. Chini yake kuna rangi ya bluu, kisha ya zambarau, kisha kama ya majani makavu, vile vile kama shingo ya njiwa. Kwa hiyo ni kweli, na haiko kwenye karatasi peke yake. Miaka yote hii ilikuwa hapa uani, hatua chache kutoka kwenye mkeka wa Mama, nasi tunaanika nguo juu yake.

Jioni hii utakuja kumuaga. Mama amemtuma jirani amletee udi, amevaa khanga mpya. Najua atakachofanya. Atakuita mbele ya wote, atasema amekusamehe, nawe utainama umbusu mkono. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni na barua hii imefichwa kifuani, na sitasema kitu, kwa sababu bado hujasoma na si haki yangu kusema kabla yako. Nisamehe kwa jioni hii pia.

Lakini baada ya hapo sijui. Baba aliniapisha kuandika yote, kunyamaza hakuniapisha. Nimefikiria sana. Mama akijua, ataumia mara ya pili, na Baba anasema kweli kwamba hana mwingine wa kumwinua. Mimi nina mikono, lakini sina nguvu hiyo, labda nikijifunza. Mama asipojua, Idd ijayo atakusamehe tena hata kama hupo, ataliita jina lako kwenye kiti kitupu, na wageni watalia. Naamini, sijui kwa nini, kwamba angependa kujua kuwa lile gari alilocheka ndani yake lilikuwa limefungwa vizuri. Naamini pia kuwa iko siku utarudi uliondoe juu ya matofali.

Dereva wa basi lako ni jirani yetu, anarudi Jumanne. Mpe neno moja tu, naye ataniletea. Nimemwambia ni habari za shule.

Kaka, nimsomee Mama?

Mdogo wako,
Zuhura